Nyuzinyuzi kwenye chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya ndiyo yanayoulizwa kliniki za kisukari na presha, kliniki za wajawazito, na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Mengine huulizwa kwa sauti ya chini, maana mambo ya choo watu huyaonea haya. Hapa hatutaoneana haya.

Nyuzinyuzi ni nini hasa?

Ni sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuisaga na kuifyonza. Wengine huziita makapimlo. Zimo kwenye ganda la punje ya mahindi, ngozi ya harage, nyama ya pera, majani ya kisamvu, mbegu za pasheni. Nyama, samaki, mayai na maziwa havina hata kidogo. Mafuta na sukari hali kadhalika.

Kwa hiyo ukitaka kujua nyuzinyuzi zako zimeishia wapi, angalia mashine ya kukoboa, chujio la juisi na kisu cha kumenya. Mara nyingi hazikukosekana sokoni. Zimetolewa njiani kabla chakula hakijafika mezani.

Kama mwili hauzisagi, zina faida gani?

Swali zuri, na kwa miaka mingi hata wataalamu waliziona ni takataka zinazopita tu. Kazi zake ni kadhaa, na zinategemea aina.

Zipo zisizoyeyuka kwenye maji, kama pumba za mahindi na ngano. Hizi huongeza ujazo wa choo, huusukuma utumbo ufanye kazi, na choo hupita upesi zaidi. Zipo pia zinazoyeyuka na kuwa kama ute. Ukitaka kuziona kwa macho, pika bamia au mlenda uinue kijiko juu: ule uteute unaovutika ni nyuzinyuzi za aina hii. Maharage, shayiri, chungwa na parachichi nazo zinazo. Ute huo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu baada ya kula. Pia hunasa nyongo ndani ya utumbo na kutoka nayo chooni. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni lehemu (kolesteroli), ambayo huichukua kutoka kwenye damu. Ndiyo maana lehemu mbaya hushuka kiasi kwa mtu anayekula maharage kila siku.

Kazi ya tatu ndiyo inayowasisimua watafiti siku hizi. Kwenye utumbo mpana wanaishi bakteria matrilioni. Nyuzinyuzi zikifika huko huwa chakula chao, huzichachusha na kutoa asidi za mafuta fupi, mojawapo ikiitwa butireti. Seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana hutegemea butireti kupata sehemu kubwa ya nguvu zake. Bakteria wakikosa nyuzinyuzi, baadhi yao hugeukia ute unaolinda ukuta huohuo wa utumbo na kuanza kuula.

Ushahidi uko wapi? Isije ikawa maneno ya mitandaoni.

Ushahidi upo, na sehemu yake nzuri imetoka hapahapa Afrika Mashariki.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, kwa muda mrefu katika hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanamjua kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Lakini aliona jambo jingine pia: magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama vile kidole tumbo, vifuko vinavyotokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana na saratani ya utumbo huohuo, yalikuwa machache sana kwa wagonjwa wake wa vijijini. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa choo. Ndiyo, walipima choo kwenye mizani. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa takribani siku moja na nusu. Waingereza walitoa gramu 100 na ushei, na chakula kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt alizidisha chumvi katika baadhi ya madai yake, na kumbukumbu za hospitali za wakati ule hazikunasa kila mgonjwa, lakini mlango aliofungua ulikuwa wa kweli.

Tangu hapo zimefanyika tafiti nyingi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa tafiti 185 za kufuatilia watu kwa miaka na majaribio 58 ya kitabibu. Waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na hatari ndogo zaidi, kwa kati ya asilimia 15 na 30, ya kufa mapema au kupata ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana, wakilinganishwa na waliokula kidogo. Faida ilionekana vizuri kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilitoa matokeo kutoka Kilimanjaro. Vijana wa kiume 77 wenye afya, wa vijijini na mjini Moshi, waligawanywa: waliozoea chakula cha asili wakapewa cha kimagharibi kwa majuma mawili, na waliozoea cha kimagharibi wakapewa ndizi, maharage, bamia na ulezi. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya asili ya ndizi na ulezi, kwa juma moja. Waliohamia chakula cha kimagharibi walionyesha kwenye damu dalili za uvimbe wa ndani, yaani kinga ya mwili iliyochokozwa, na chembe zao za kinga hazikupambana vizuri na vimelea maabara. Waliorudi kwenye chakula cha asili walionyesha nafuu. Mabadiliko mengine yalikuwa bado yanaonekana majuma manne baadaye. Haki isemwe: milo hiyo ilitofautiana kwa mambo mengi, siyo nyuzinyuzi peke yake. Lakini majuma mawili tu!

Nahitaji kiasi gani kwa siku?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema angalau gramu 25 kwa kila mwenye miaka 10 na zaidi. Watoto wa miaka 2 hadi 5 ni gramu 15, wa 6 hadi 9 ni gramu 21. Mboga na matunda angalau gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima.

Hakuna anayepima gramu jikoni, kwa hiyo tuhesabu kwa macho. Asubuhi chai na viazi vitamu viwili vya kuchemsha: kama gramu 5. Mchana wali mweupe, ambao wenyewe hauna kitu, pungufu ya gramu 2 kwa sahani nzima. Lakini bakuli dogo la maharage pembeni linaleta gramu 9 au 10, na mchicha kama 2. Jioni ugali wa dona na mboga za majani: gramu 9 hivi. Ongeza pera moja, gramu 5. Umeshavuka 25 bila kununua kitu chochote cha ajabu.

Sasa geuza. Asubuhi chai na maandazi mawili, mchana wali na nyama na soda, jioni ugali wa sembe na samaki wa kukaanga. Siku nzima haifiki gramu 10. Na huyu wa pili ndiye aliyetumia pesa nyingi zaidi.

Dona na sembe vinatofautiana kiasi hicho?

Ndiyo. Punje ya mahindi ina ganda, kiini na wanga. Ukisaga dona vyote vinabaki, na gramu 100 za unga zinakuwa na nyuzinyuzi gramu 7 hivi. Ukikoboa kwanza, ganda na kiini vinatoka, na kiasi hicho kinashuka hadi nusu au chini ya hapo, pamoja na madini na vitamini B nyingi. Simama mashineni siku moja uangalie: mama analipia kukoboa, analipia kusaga, anaondoka na unga mweupe. Pumba zinabaki kwenye kiroba pembeni, na mfuga kuku anakuja kuzichukua. Kuku wanakula vizuri kuliko mwenye mahindi.

Ila kuna jambo ambalo wapenzi wa dona huwa tunalipita harakaharaka: sumukuvu. Mahindi yaliyovunwa na unyevu au kuhifadhiwa vibaya huota kuvu, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zilezile zinazotolewa wakati wa kukoboa. Siyo jambo la kubeza. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 maafa ya aina hiyo yalitokea Dodoma na Manyara. Kwa hiyo dona ni la mahindi makavu, yaliyochambuliwa. Punje zilizovunjika, zenye rangi ya ajabu au zilizobunguliwa zitupwe, wala mifugo isipewe. Kama hujui mahindi yametoka wapi na yanatia shaka, yaache. Nyuzinyuzi utazipata kwenye maharage.

Mume wangu na watoto hawataki dona. Wanasema ni ugali wa shule.

Kumbukumbu za bweni ni ngumu kufutika, dada. Usiwapige vita. Changanya robo dona na robo tatu sembe, baada ya majuma kadhaa nenda nusu kwa nusu. Mwombe wa mashine asage mara mbili ili unga uwe laini. Ugumu wa dona la shule ulikuwa ni usagaji zaidi kuliko pumba. Dona pia linataka maji kidogo zaidi na muda mrefu zaidi jikoni. Likipikwa harakaharaka linakwaruza koo, na hapo mashtaka ya mumeo yatakuwa na msingi.

Wakikataa kabisa, waachie sembe yao na uongeze mboga. Kunde, choroko, mbaazi za nazi: hayo hayana kumbukumbu mbaya.

Maharage yananijaza gesi. Nifanyeje?

Gesi ni bakteria kazini. Maharage yana sukari fulani ambazo hatuwezi kuzisaga, bakteria huzichachusha, hewa inatoka. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Sukari hizo hupungua. Anza na vijiko vichache kwa siku, uongeze polepole kwa majuma mawili au matatu. Kwa watu wengi tumbo huzoea. Choroko na dengu huwasumbua wengi kidogo kuliko maharage.

Magadi yanalainisha maharage upesi na kupunguza mkaa, hilo linajulikana. Lakini yanaharibu vitamini B1 na yanaongeza sodiamu, ambayo mwenye presha haihitaji. Kuloweka kunafanya sehemu kubwa ya kazi hiyohiyo bure.

Juisi ya matunda inahesabika?

Ukiisaga na kuichuja, karibu nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye chujio. Kilichomo kwenye glasi ni maji, sukari na vitamini kiasi. Kula embe lenyewe.

Nakula mboga kila siku lakini bado napata choo kigumu.

Kwanza tuulizane: mboga kiasi gani? Vijiko viwili vya mchicha pembeni ya mlima wa ugali ni rangi tu. Mboga ijaze walau robo ya sahani, ikiwezekana zaidi.

Pili, maji. Nyuzinyuzi hufanya kazi kwa kufyonza maji. Ukiongeza pumba na kunde huku unakunywa kikombe kimoja cha chai kutwa, choo kitazidi kuwa kigumu. Tatu, tabia ya kubana haja. Madereva wa masafa, walimu, akina mama wa sokoni ambao vyoo vya karibu havifai: mtu anabana leo, anabana kesho, mwishowe utumbo unaacha kutoa ishara. Jaribu kwenda muda uleule kila siku, hasa baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo unapoamka. Nne, kutembea. Tano, angalia dawa unazotumia; vidonge vya madini ya chuma, baadhi ya dawa za maumivu na baadhi za presha hufunga choo.

Choo laini kinapunguza kukamua, na kukamua ndiko kunakokuza bawasiri. Mwenye bawasiri ndogo mara nyingi hupata nafuu kwa nyuzinyuzi na maji kabla ya kufikiria dawa nyingine.

Nina kisukari. Nikila dona, naweza kula kadiri ninavyotaka?

Hapana, baba. Dona bado ni wanga, na bonge kubwa la dona litapandisha sukari. Linapandisha taratibu kidogo tu kuliko sembe. Kinachosaidia zaidi ni mpangilio wa sahani: nusu mboga za majani au bamia, robo maharage au samaki, robo ugali. Wengi wanaosema wamehamia dona na sukari haishuki wamebadilisha unga bila kubadilisha ukubwa wa bonge.

Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari na unabadilisha chakula kwa kiasi kikubwa, pima sukari mara kwa mara na umwambie daktari wako, kwa sababu kipimo cha dawa huenda kikahitaji kupunguzwa.

Ni kweli kiporo kina nyuzinyuzi zaidi?

Kuna ukweli ndani yake. Wanga ukipikwa kisha ukapoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa wanga sugu, ambao hausagwi na hufika kwa bakteria kama nyuzinyuzi. Hutokea kwenye viazi, wali na ugali, na kwa kiasi fulani hubaki hata ukipasha tena. Faida ni ndogo, usiifanye dawa. Na kiporo cha wali kilicholala mezani usiku kucha kwenye joto la Dar au Mombasa kina bakteria ambao sumu yao haifi kwa kupasha moto. Kiporo ni kile kilichopozwa mapema na kuwekwa kwenye friji.

Mbegu za mapera zinaleta kidole tumbo?

Ni nadra mno kukuta mbegu ndiyo chanzo. Kula pera.

Mjamzito mwenye choo kigumu afanye nini?

Homoni za ujauzito hulegeza utumbo, na vidonge vya kuongeza damu huongeza tatizo. Usiviache vidonge kwa sababu hiyo. Ongeza papai lililoiva, parachichi, kunde, mboga na maji, tembea kidogo jioni. Kunywa chai mbali na chakula na mbali na vidonge, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Pumba na kunde zina kitu kinachoshika chuma pia. Kipande cha chungwa au ndimu kwenye mboga husawazisha. Ikishindikana, mweleze muuguzi wa kliniki, zipo dawa salama. Za kienyeji za kuharisha, hapana.

Mtoto mdogo apewe dona na maharage kwa wingi?

Tumbo lake ni dogo. Akijazwa uji mzito wa pumba anashiba kabla hajapata nguvu na protini za kutosha. Kwa mwenye chini ya miaka miwili, uji laini ulioongezwa karanga au maziwa, maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda magumu, na tunda lililopondwa vinatosha.

Ramadhani huwa nakosa choo kabisa. Kwa nini?

Saa nyingi bila maji, halafu futari ya sambusa na kachori, daku mtu anaruka au anakunywa chai tu. Futari ya zamani ya pwani ilikuwa na majibu yote: tende, kunde au mbaazi za nazi, magimbi, viazi vitamu. Irudishe hiyo, vya kukaanga viwe kionjo. Gawanya maji kati ya magharibi na daku badala ya kujaza lita nzima kwa mkupuo. Daku la uji wa ulezi au maharage linakaa tumboni muda mrefu, na asubuhi njaa haiji mapema.

Vipi sanamaki, chai za kusafisha tumbo na unga wa nyuzinyuzi wa madukani?

Hivi ni vitu viwili tofauti. Sanamaki na nyingi ya chai za kupunguza tumbo hufanya kazi kwa kuuchokoza utumbo ujikaze. Si nyuzinyuzi. Kwa siku chache, sawa. Kwa miezi, utapoteza maji na potasiamu. Kilo zinazopungua ni maji na choo, mafuta yako yapo palepale.

Maganda ya ispagula, yanayouzwa maduka ya dawa na maduka ya Wahindi kwa jina la isapgol, ni nyuzinyuzi halisi na yanasaidia choo na lehemu. Changanya na glasi kubwa ya maji na unywe papo hapo, kwa sababu yakivimba kooni yanaweza kukaba. Kama una dawa zako nyingine, ziachanishe kwa saa mbili. Lakini kwa bei ya kopo moja utapata maharage ya juma zima, yenye protini juu yake. Sioni sababu ya kuanzia huko.

Nani asiongeze nyuzinyuzi kabla ya kuonana na daktari?

Aliyewahi kuziba utumbo au kupasuliwa tumbo karibuni, mwenye ugonjwa wa uvimbe wa utumbo ulioamka, mwenye figo zilizodhoofika (maharage na parachichi vina potasiamu nyingi), na mwenye shida ya kumeza.

Na yupo anayedhani ana choo kigumu tu, kumbe ni zaidi ya hapo. Damu kwenye choo, choo chembamba kuliko kawaida kwa majuma kadhaa, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu usioeleweka, au tumbo lililojaa huku hakitoki choo wala hewa: dalili hizi zinahitaji kupimwa. Hiyo ya mwisho ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Damu isidhaniwe ni bawasiri mpaka mtu wa afya aangalie, hata kama jirani alikuwa na bawasiri na dalili zinafanana.